Kinanda cha mabomba redioni: kieleze, au kiache kipige?

Redioni, kipande cha kinanda cha mabomba mara nyingi hutanguliwa na maneno haya haya: Johann Sebastian Bach, amezaliwa Eisenach mwaka 1685, fuga katika sol minor, BWV 578, tusikilize. Hakuna uongo hapo (fuga ni kipande ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo ule ule, na BWV ni orodha ya kazi za Bach). Lakini mtu wa Katuba au Kampemba, hapa Lubumbashi, aliyeketi na redio yake ndogo hajaambiwa asikilize nini, na baada ya dakika moja anahamia stesheni nyingine.

Wanaodai maelezo zaidi wana hoja nzito, na hoja yenyewe ni ya macho. Gitaa na ngoma kila mtu ameviona kabla ya kuvisikia hewani. Kinanda hiki wengi Lubumbashi hawajakiona. Kwenye parokia zao kinachoitwa kinanda ni klavye ya umeme yenye spika mbili, kwa hiyo mtangazaji akitaja kinanda, ndiyo klavye hiyo inayokuja akilini. Dakika moja ingetosha kurekebisha picha. Ndani ya kinanda cha mabomba hakuna spika. Feni au mivukuto inajaza upepo kwenye sanduku, na juu ya sanduku yamesimama mabomba, kila noti na bomba lake. Safu nzima ya mabomba ya aina moja ni rejista. Mpigaji akivuta kitasa chake, safu hiyo inapata ruhusa ya kulia. Ndiyo sababu hesabu inapanda haraka: kinanda kikubwa cha Notre-Dame ya Paris kina mabomba takriban 8,000.

Hapa Lubumbashi mtangazaji ana bahati ambayo wenzake wa kwingine hawana. Mabomba mengi ya metali ni bati na risasi zilizoyeyushwa pamoja, na yale ya ulimi yana kipande chembamba cha shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Katika mji ulioishi kwa shaba, wenye zinki ya Kipushi jirani, nani atahitaji somo la madini? Aseme tu kwamba kwenye bomba la kawaida upepo unapasukia kwenye ukingo wa mdomo, kama ilivyo kwa filimbi, na kwenye bomba la ulimi upepo unaitikisa ile shaba. Kisha apige sekunde 10 za moja na sekunde 10 za jingine. Baada ya hapo msikilizaji atazitofautisha mwenyewe.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Wanasema muziki unaoelezwa kupita kiasi unageuka darasa, na fuga ya dakika nne iliyotanguliwa na hotuba ya dakika tano imeshauawa kabla haijaanza. Wengine wanauliza kwa nini muda wa hewani utumike kwa ala hii wakati Roma yenyewe iliidhinisha misale ya Zaire, yaani kitabu cha misa kwa desturi za huku, mwaka 1988, na ibada zetu zinakwenda na ngoma. Kuna watetezi wa kinanda wanaokimbilia kujibu kwamba kilibuniwa Afrika: Ktesibios alikitengeneza Aleksandria, Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, kikitumia maji kusawazisha upepo. Ni kweli, ila jibu hilo halinishawishi sana, kwa kuwa kinanda tunachokisikia leo kimekuzwa Ulaya kwa karne nyingi. Bora kukubali wazi kwamba ni ala ya mbali. Ndiyo sababu zaidi ya kukieleza. Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulikipa kinanda cha mabomba heshima kubwa na papo hapo ukafungua mlango kwa ala nyingine.

Jambo ambalo pande zote mbili zinalisahau ni fundi mitambo. Nusu ya maelezo iko mikononi mwake, na mara nyingi ndiye anayeyafuta bila kujua.

Kidole kikikandamiza kwa nguvu zaidi, bomba halilii kwa nguvu zaidi. Sauti inakua kwa kuongeza rejista, au kwa kufungua vibao vya sanduku ambamo baadhi ya mabomba yamefungiwa. Sasa kompresa ya stesheni, kifaa kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, imetegeshwa kwa ajili ya rumba na matangazo ya biashara. Mpigaji anapoongeza rejista, kompresa inashusha, anapopunguza, inapandisha. Kilichotungwa kama mlima kinatoka hewani kama uwanja wa mpira. Na akordi ya mwisho inapokatika, kompresa inauvuta juu mwangwi wa kanisa pamoja na mvumo wa feni, hadi mwisho unasikika mkubwa kuliko mwanzo. Dawa ni kuhifadhi mpangilio wa pili wenye mbano mdogo kwa kipindi hicho, na kuongeza muda wa kifaa kinachogundua ukimya. Kifaa hicho, kipande kikiwa laini sana, huamini kwamba matangazo yamekatika na kurusha wimbo wa akiba katikati ya Bach.

Halafu kuna besi, ambayo mpigaji huipiga kwa miguu. Do ya chini kabisa kwenye rejista ya futi 8 inatoka kwa bomba wazi la mita 2.4 hivi na iko karibu hezi 65. Ile ya futi 16 inashuka hadi karibu hezi 33. Spika ya redio ya mkononi au ya telefoni haifiki huko. Sikio husaidia kidogo: likipata sauti za juu zinazoandamana na noti hiyo, linajijengea noti yenyewe, ingawa uzito wake haupo. Kwa hiyo rekodi ambayo miguu inapiga rejista ya ulimi, yenye sauti hizo za juu kwa wingi, itapita kwenye spika ndogo. Ile inayotumia bomba laini lililozibwa la futi 16 itapotea kabisa, na msikilizaji aliyeambiwa “sikiliza miguu” atadhani masikio yake ni mabovu. Kabla ya kurusha, ijaribiwe kwenye redio ya bei ndogo, si kwenye spika za studio. Na faili lisiwe limebanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde; zile rejista kali za juu hugeuka kuwa mchakacho wa changarawe.

Nikirudi kwa mtangazaji, BWV 578, ile fuga tuliyoanza nayo, ni mfano mzuri kwa sababu inaanza na sauti moja tu. Wimbo wake mkuu, sekunde 15 hivi, uko peke yake juu, kwenye soprano. Unafuata kwa alto, kisha tenori, na mwisho besi inaupiga kwa miguu. Kila mwanakorali wa mji huu anayajua majina hayo manne. Aliyelizoea gitaa la Jean-Bosco Mwenda, ambaye gumba lake lilishika besi huku kidole cha shahada kikiimba juu, anajua tayari kufuata sauti mbili kwa mpigo. Basi mtangazaji apige wimbo mkuu peke yake, aseme kwamba mwanzoni utarudi mara tatu, kila mara ukishuka, na mara ya tatu ni miguu. Sekunde 40, jumla. Kisha anyamaze. Kusemea juu ya muziki ili kuonyesha “hapo! miguu!” kunaharibu palepale kinachoonyeshwa.

Wapinzani wa maelezo wana mfano wao, nao ni mzuri. Tarehe 7 Desemba 2024, Notre-Dame ilipofunguliwa tena baada ya moto wa 2019, askofu mkuu alikiita kinanda mara nane, na mara nane kikamjibu. Hakuna aliyesimama kufundisha. Sauti ya mtu na jibu la kinanda vilitosha. Nakubali, lakini tukio lile lilitangazwa kwenye televisheni pia, na watazamaji waliyaona mabomba.

Jina la kipande, mpigaji na namba visemwe mwishoni, baada ya mwangwi kuisha kabisa. Katika kanisa kubwa, hilo huchukua sekunde tano au zaidi, na mkono wa fundi usikimbilie kitufe. Visemwe polepole, mara mbili, maana anayetaka kukitafuta kipande hicho baadaye ndipo anaposhika kalamu.