Makaburi ya minara: chokaa au saruji?

Makaburi ya minara, yale makaburi ya kale ya Waswahili yenye nguzo ndefu ya mawe, yakarabatiwe kwa chokaa au kwa saruji? Wanaotetea saruji wana hoja. Mnara wa kaburi ukishainama, fundi hana muda wa kungoja. Mota mbichi ya chokaa ikikutwa na masika inasombwa, saruji inashika siku hiyohiyo. Chokaa ya kienyeji nayo hula matumbawe na kuni nyingi za tanuri, na waashi wanaoijua wanapungua. Saruji ipo duka la jirani.

Kinachokwamisha hoja hiyo ni jengo lenyewe. Makaburi haya ya pwani, kuanzia Somalia hadi Kaole na Kunduchi nchini Tanzania, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, kisha yakapigwa lipu. Jiwe la matumbawe lina vitundu: linanyonya maji na kuyatoa. Ukilivisha saruji, maji huingia kwa ufa mdogo na hayapati pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya lipu mpya, jiwe linageuka unga, na lipu inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe. Kwa nje utaona saruji nzima, ndani mna shimo. Nondo ni balaa zaidi, maana chuma kikishika kutu huvimba na kupasua ukuta.

Na lipu si pambo tu. Kule Gede, mji wa magofu nchini Kenya, kaburi lenye mwaka 802 Hijria (1399) lilichorwa tarehe hiyo kwenye lipu. Bakuli za Kichina za Kunduchi na za Mambrui, pwani ya Kenya, nazo zilipachikwa humo. Lipu ikienda, ushahidi umekwenda.

Kwa hiyo, kwenye kuta na minara, chokaa. Izimwe (yaani imwagiwe maji) mapema, ikae kwenye maji wiki kadhaa, ichanganywe fungu moja kwa matatu ya mchanga wa mto (wa baharini una chumvi). Mawe yaloweshwe kwanza, la sivyo yatanyonya maji ya mota nayo ibaki vumbi. Lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba na kufunikwa magunia mabichi. Kazi ianze kiangazi. Panapohitajika ishike haraka, unga wa matofali ya kuchoma husaidia.

Saruji ningeiruhusu kwenye njia ya wageni au uzio, mbali na kaburi. Ile desturi ya kutia koleo moja la saruji ndani ya chokaa "ipate nguvu" ndiyo mbaya kuliko zote: chokaa inakosa kukomaa, saruji haitoshi kubeba, na chumvi yake inabaki ukutani.