Upepo wa Bure

Baba mdogo katutumia tena ile video kwenye grupu la familia. Gari jeupe, linakwenda kwa hewa tupu, "hawataki tujue!" Ni mara ya nne mwaka huu, na safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Nani kaficha nini, baba mdogo? Mwaka 1879 watu wa Nantes, Ufaransa, walikuwa wanapanda tramu, mabehewa ya reli ya mjini, za mhandisi Mekarski zilizokwenda kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Kabla haijaingia kwenye injini, hewa hiyo ilipitishwa kwenye tangi la maji ya moto, maana hewa ikitanuka hupoa mpaka valvu zikaganda barafu. Kama hunielewi, toa upepo wa tairi huku kidole kiko kwenye valvu. Na aliyeishindilia? Injini za mvuke kule kituoni, zinakula makaa ya mawe.

Haya, nakubali: tramu hizo zilidumu hadi 1917 na hazikumtemea abiria moshi. Moshi ulibaki kituoni.

Hewa ni hamali. Mzigo anaobeba, yaani nguvu, si wake. Ila hamali huyu ana siku zake za heshima, nami nampenda zaidi pale Fréjus, chini ya milima ya Alps. Handaki la kuunganisha Ufaransa na Italia lilianza 1857, watu wanatoboa mwamba kwa mikono. Mwaka 1861 mhandisi Germain Sommeiller akaingiza mashine za kutobolea zinazoendeshwa na hewa. Injini za mvuke zingewapika wachimbaji mle ndani, shimo halijatokea hata upande wa pili. Hewa ilipiga tindo, kisha ikatoka na kuwa pumzi yao. Kitu kimoja, kazi mbili! Lakini hata hapo, waliolipa nguvu ni mito ya mlimani, maji yake ndiyo yaliyoshindilia. Handaki likafunguliwa Septemba 1871, zaidi ya kilomita 12. Sommeiller alikuwa amefariki Julai.

Nyundo za upepo za kuvunjia lami na spana za upepo za kufungulia nati ni wajukuu wa mashine zile, wala hakuna hata mmoja anayekula bure.

Jana nilipeleka tairi kwa fundi pancha. Kibao: "UPEPO 500". Umeme umekatika, akageukia kompresa ya petroli. Akavuta kamba mara tatu, akatikisa tangi, akasonya, akamtuma kijana sheli na chupa ya maji. Nikakaa juu ya tairi bovu dakika ishirini, nasubiri upepo uje kwenye chupa.