Uzito Uko Sawa, Mwili Umelegea: Usipunguze Chakula, Beba Vizito

Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 162 na kilo 58 ana BMI ya 22 (BMI ni kilo za mwili zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe). Kiwango kinachokubalika kiafya kinaanzia 18.5 hadi 24.9, kwa hiyo yuko katikati kabisa. Lakini hana raha. Nyuma ya mikono kunatikisika akipunga, tumbo la chini limetokeza kidogo, mapaja yamelegea. Akiomba ushauri kwa shoga zake jibu ni lile lile: punguza kilo tano au sita, acha wali, kunywa maji ya ndimu, kimbia asubuhi. Miezi michache baadaye mzani unasoma 52, nguo zinampwaya, uso umesinyaa, majirani wanamuuliza kama anaumwa, na ile mikono bado inatikisika.

Ushauri huo mbaya unaenezwa kwa nia njema, na ninaupinga. Mtu ambaye uzito wake uko sawa hana deni la kilo. Anachokosa ni misuli, na kujinyima chakula kunampunguzia hata ile kidogo aliyo nayo. Mwili unaopungua kwa njaa, bila mazoezi ya kubeba vizito, hautoi mafuta peke yake. Mara nyingi karibu robo ya kilo zinazoondoka si mafuta, na humo misuli imo. Ndiyo maana anayekonda hivyo anakuwa mdogo lakini analegea vilevile.

Kuna hesabu ambayo watu wengi hawajaambiwa. Lita moja ya mafuta ya mwilini ina uzito wa takriban gramu 900, na lita moja ya misuli ina takriban gramu 1,060. Ukipoteza kilo 2 za mafuta na kujenga kilo 2 za misuli, mzani hautasogea hata kidogo, lakini mwili umepungua karibu theluthi moja ya lita. Tena misuli inakaa kwenye makalio, mapaja, mgongo na mabega, pale inapotoa umbo, wakati mafuta huondoka popote mwili unapoamua. Hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake au ya mkono peke yake. Anayekuuzia zoezi la namna hiyo anakuuzia hewa.

Na ile hofu ya wanawake kwamba wakinyanyua vyuma watatuna kama wanaume? Homoni ya testosteroni, inayochangia sana wanaume kujaa misuli, kwa wanawake iko chini mara nyingi, kiasi cha mara kumi na tano au zaidi. Wanawake wenye miili mikubwa ya mashindano wameifanyia kazi miaka mingi kwa makusudi. Haimtokei mtu kwa bahati mbaya akiwa anabeba madumu sebuleni.

Kinachokaza mwili ni misuli kulazimishwa kufanya kazi ngumu kuliko ilivyozoea, kisha kulishwa na kupumzishwa. Piga tizi mara tatu kwa wiki, dakika 45 hadi saa moja, ukiacha angalau siku moja katikati. Jimu yenye vyuma inarahisisha kwa sababu uzito unaongezwa kidogo kidogo. Asiye nayo atumie madumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo dumu la lita 5 ni kilo 5, na la lita 20, ukijumlisha plastiki yake, ni karibu kilo 21. Ubaya wa maji ni kwamba dumu likiwa nusu yanachezacheza na kukuyumbisha. Ama ulijaze hadi shingoni, ama utumie mchanga mkavu, ambao lita yake moja ina takriban kilo 1.6, dumu la lita 5 likijaa mchanga linafika karibu kilo 8. Ukitaka uhakika mpelekee mwenye bucha akupimie, atacheka lakini atakupimia. Mpini wa plastiki unakata vidole, uzungushie kipande cha kanga.

Mazoezi yenyewe si mengi. La kwanza ni kuchuchumaa ukiwa umekumbatia dumu kifuani: miguu upana wa mabega, vidole vimeelekea nje kidogo, unashuka mpaka mapaja yalingane na sakafu, unapanda. Visigino vikinyanyuka, panua miguu au vikanyagishe juu ya ubao wa sentimita 2. Magoti yakiingia ndani wakati wa kupanda, uzito umekuzidi au umeshachoka. Yasukume yafuate vidole vya miguu.

La pili ni kuinama kwa nyonga, na hili ndilo linaloharibiwa zaidi. Shika dumu kila mkono, kunja magoti kidogo tu, kisha rudisha makalio nyuma kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio kwa kuwa mikono ina sinia. Mgongo unabaki umenyooka, madumu yanashuka yakipita karibu kabisa na miguu mpaka chini kidogo ya magoti, na unasimama pale unapohisi nyuma ya mapaja kumevutika. Wengi hufanya kinyume: makalio yanabaki palepale na mgongo ndio unaokunjika. Baadaye wanasema zoezi limewaumiza kiuno.

Kwa kifua na mikono kuna pushapu. Asiyeweza za sakafuni aanze mikono ikiwa kwenye ukingo wa meza imara, akizoea ahamie kwenye kochi, halafu chini. Viwiko visitanuke kama mabawa. Viweke nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni. Kiuno kikining'inia, kaza makalio. Ile sehemu ya nyuma ya mkono inayolalamikiwa sana inafanya kazi kubwa hapa, hasa ukisogeza viganja karibu zaidi.

Kuvuta ndilo zoezi linalorukwa, pengine kwa sababu mgongo hauonekani kwenye kioo. Inama, egemeza mkono mmoja kwenye kiti, mwingine uvute dumu kuelekea kwenye nyonga, usilivute kuelekea kifuani. Likifuatwa na kusukuma madumu madogo juu ya kichwa, mabega yanapata umbo ambalo hata kiuno kinaonekana chembamba bila kupungua chochote.

La mwisho ni kuinua nyonga. Egemeza mgongo wa juu kwenye ukingo wa kochi lisiloteleza, weka taulo lililokunjwa juu ya nyonga na dumu juu yake, inuka mpaka kiwiliwili na mapaja yawe mstari mmoja, tulia sekunde moja, shuka. Ukihisi kazi iko kiunoni kuliko kwenye makalio, umepinda mgongo. Shusha mbavu, usogeze miguu karibu na makalio, ujaribu tena.

Kila zoezi lipewe seti 3, yaani mikupuo mitatu, kila mmoja wa marudio 8 hadi 15. Simamisha seti ukiwa umebakiza marudio mawili hivi ambayo ungeweza kuyafanya kwa mkao mzuri. Kama ungeweza kuongeza kumi, ile haikuwa seti, ulikuwa unanyoosha viungo. Siku utakayofika 15 katika seti zote tatu, ongeza kilo 1 au 2, rudi kwenye marudio 8, uanze kupanda tena. Madumu yakiwa hayaongezeki, shuka polepole kwa sekunde 3, au chuchumaa kwa mguu mmoja huku mwingine ukiwa umelazwa nyuma juu ya kiti. Andika yote kwenye daftari. Bila daftari, mwezi wa tatu utakuwa unabeba dumu lile lile la mwezi wa kwanza na kushangaa kwa nini mwili haujabadilika.

Kati ya seti pumzika dakika 2. Najua inachosha kusubiri, na video nyingi za mazoezi ya nyumbani hazina mapumziko kabisa: mtu anarukaruka na vidambeli vya kilo moja mpaka fulana inalowa. Jasho ni njia ya mwili kujipoza tu. Kwa mji wenye joto la Dar es Salaam au Mombasa unaweza kulipata ukiwa umekaa kwenye daladala. Mazoezi hayo yanafaidi moyo, sikatai, lakini misuli haioni sababu ya kukua kwa uzito ambao inaweza kuubeba mara hamsini. Vivyo hivyo mbio. Kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku, siku tano za wiki, kunatimiza dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na hakukuachi hoi siku ya kubeba.

Sasa sahani. Kama uzito wako umetulia kwa wiki kadhaa, kiasi unachokula kinatosha. Usikipunguze, kipange upya. Lengo ni protini ya gramu 1.4 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa yule wa kilo 58 ni gramu 81 hadi 93, na zinapatikana bila unga wowote wa kwenye kopo. Asubuhi mayai mawili yanampa gramu 12, glasi ya maziwa ya mililita 250 inampa 8, na slesi mbili za mkate kama 5. Mchana kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyopikwa kina gramu 22 hivi, ugali unaongeza kama 5. Jioni kipande cha samaki au kuku kisicho na mfupa cha gramu 120 kikishapikwa ni karibu gramu 30, na mtindi glasi moja gramu 8. Jumla ni takriban 90. Siku samaki akiwa ghali, gramu 30 za dagaa wakavu zina takriban gramu 18 za protini, na hakuna kingine sokoni kinacholipa hivyo kwa bei hiyo.

Karanga watu huzihesabu kama protini. Zina gramu 25 kwa kila gramu 100, ni kweli, lakini gramu hizo hizo 100 zina kalori zaidi ya 550. Konzi moja inatosha. Wali na ugali usivikimbie, ndivyo vinavyokupa nguvu ya kubeba. Mwenye BMI iliyo karibu na 24 na kiuno kilichozidi sentimita 80 kwa mwanamke, au 94 kwa mwanaume, aguse kwanza mafuta ya kupikia, maana kijiko kimoja kikubwa kina kalori 120, na soda. Mwenye BMI chini ya 20 afanye kinyume: aongeze glasi ya maziwa na ile konzi ya karanga kila siku, la sivyo hana cha kujengea.

Tumbo linahitaji maneno yake. Kwa aliyezaa, tumbo la chini linalotokeza huenda halina uhusiano na mafuta. Misuli miwili ya mbele ya tumbo hutengana wakati wa ujauzito na kwa wengine hairudi vizuri. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, kisha bonyeza vidole juu na chini ya kitovu. Mwanya ukipita upana wa vidole viwili, au katikati ya tumbo pakijitokeza kama mgongo wa boti, achana na sit-up kwa sasa na umwone mtaalamu wa fiziotherapia. Kufanya sit-up mia kwa siku katika hali hiyo kunaweza kuusukuma ule mwanya badala ya kuufunga. Mikanda ya kubana na kujizungushia plastiki huondoa maji tu, yanayorudi ukinywa. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inasafisha utumbo, haigusi mafuta, na ikitumiwa muda mrefu inaupotezea mwili potasiamu. Michirizi ya ngozi nayo haiondoki kwa mazoezi, na ni heri ujue mapema.

Mzani uupande mara moja kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni unaweza kupanda hata kilo nzima, kwa sababu misuli inayofanya kazi huhifadhi wanga zaidi na wanga huo huvuta maji. Kwa wanawake mzunguko wa hedhi nao unaupandisha na kuushusha, kwa hiyo linganisha siku zinazofanana. Kipimo cha maana ni futi ya fundi cherehani: kiuno, nyonga, paja na mkono, asubuhi kabla ya kula, baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Picha moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga uleule. Nguvu huongezeka ndani ya wiki chache. Umbo huanza kuonekana kati ya wiki ya 8 na ya 12.

Mjamzito, mwenye presha, kisukari au maumivu ya viungo aongee na daktari kabla hajabeba chochote. Na hedhi ikikosekana miezi mitatu bila mimba, mwili huenda unalishwa pungufu ya kazi unayopewa: ongeza chakula na uende hospitali.

Wiki 12 zikipita bila badiliko, anza na daftari. Mara nyingi jibu liko humo: kilo unazobeba ni zile zile, au kati ya siku tatu za kila wiki, moja imekuwa ikirukwa. Kilo unazobeba zikiwa zimepanda, hesabu protini ya siku tatu kwa ukweli, ukipima maharage kwa kikombe bila kukisia. Hivyo viwili vikiwa safi, angalia saa unazolala. Anayelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku anajenga kwa shida hata akila vizuri, na kumwongezea siku ya nne ya mazoezi kutamzidishia uchovu. Alale kwa muda wa saa saba kwanza.