Muvi za mizimu za Kijapani, tunazisifia kupita kiasi?

Ukikaa na watu wanaopenda muvi za kutisha hukosi kuusikia huu ubishi, kuna wanaosema Wajapani ndio walimu na tangu Ringu ya 1998 hakuna aliyetisha tena, na kuna wanaosema aah jamani ni dada mwenye nywele usoni anatambaa tu, ukishaona moja umeziona zote. Mi niko na wa kwanza kwa sehemu kubwa, ila hawa wa pili wana hoja ambazo mashabiki huwa tunazikwepa.

Kwanza tuwekane sawa manake wengine wanadhani mambo yameanzia kwenye ile kaseti ya video ya Ringu. Mzimu mwenye kinyongo kule ni wa siku nyingi mno. Kulikuwa na msomi mmoja, mkubwa serikalini, Sugawara no Michizane, alisingiziwa akapelekwa uhamishoni akafia hukohuko mwaka 903, basi yakaanza majanga, na 930 radi ikapiga jumba la kifalme Kyoto ikaua wakubwa, watu wakasema huyu ni yeye karudi, ikabidi arudishiwe vyeo na yuko kaburini na ajengewe hekalu. Leo wanafunzi ndo wanaenda kumwomba wafaulu mitihani! Halafu 1825 ukaja mchezo wa jukwaani, kabuki, wa Oiwa, mke aliyepewa sumu akiambiwa ni dawa, uso ukaharibika, akichana nywele zinanyonyoka mkononi, akafa akarudi kumwandama mumewe Iemon mpaka akachanganyikiwa. Ile nguo nyeupe ni ya maiti, na nywele zimeachiwa kwa sababu aliye hai alizifunga. Kwa hiyo Sadako, yule mzimu wa Ringu, alikuwepo kabla TV haijaja.

Sasa alichofanya dairekta Hideo Nakata. Alichukua riwaya ya Koji Suzuki ya 1991, na kwenye kitabu wala hakuna ile sini ya Sadako kutoka kwenye TV, hiyo ni ya muvi. Yule aliyecheza Sadako, Rie Inō, walimrekodi akitembea kinyumenyume halafu wakageuza mkanda, ndo maana unaona anakuja mbele lakini mwili unakataa, kuna kitu hakiko sawa na huwezi kukitaja. Hakuna kompyuta kwenye mwendo ule. Na karibu muvi nzima kabla ya hapo ni watu wanaongea, simu inaita, mwandishi wa habari anahangaika na kaseti ambayo ukiiangalia unakufa baada ya siku saba.

Lakini kwangu kinachoibeba ile muvi ni jinsi inavyokudanganya kuhusu suluhisho. Fikiria kwetu pwani mtu akiwa na pepo, anapandishwa, anaulizwa wewe nani na unataka nini, anasema, anapewa anachotaka, yanaisha au angalau yanatulia. Ringu inakupeleka njia hiyohiyo kabisa, Reiko (yule mwandishi, naye kaiona kaseti) na Ryuji, mume wake wa zamani, wanatafuta Sadako ni nani, wanajua aliuawa akatupwa kisimani, wanashuka wanaitoa mifupa, Reiko anaikumbatia, na wewe unapumua. Kesho yake Sadako anatoka kwenye TV anamuua Ryuji (Huyo ni Hiroyuki Sanada, yule wa tamthilia ya Shōgun ya 2024, alikuwa kijana bado). Yani hakutaka kuhurumiwa, hakutaka kuzikwa. Kilichomwokoa Reiko ni kwamba alitoa kopi ya kaseti akamwonyesha mtu mwingine. Na muvi inaisha anaendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi, akamwonyeshe mzee ili mwanawe, naye kaiona kaseti, apone. Hapo mzimu hayupo kwenye picha kabisa na ndo sehemu mbaya kuliko zote.

Ju-on ya Takashi Shimizu ikaenda mbali zaidi, pale hata chaguo hilo la Reiko huna. Rika ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii tu, kaenda kumhudumia bibi mgonjwa, kaingia nyumba ambayo mume alimuua mkewe Kayako, basi imetoka hiyo. Hajakosea chochote. Kwenye muvi nyingi za Kimarekani za zamani wahuni wanaolala hovyo kambini ndo wanachinjwa, au anakuja padri na msalaba anapambana. Huku hakuna padri, hakuna kosa, laana inaambukiza tu kama ugonjwa.

Haya, upande wa pili. Wanasema ni fomula, na ni kweli. Nywele, mtoto mweupe, maji yanavuja darini, kila kifaa cha nyumbani kikapewa mzimu wake, kaseti, simu, intaneti. Sadako mwenyewe walimtoa thamani wao wenyewe, 2012 wakamtengenezea muvi ya 3D na wakampeleka Tokyo Dome kwenye besiboli akarushe mpira wa ufunguzi, 2016 wakampiganisha na Kayako. Ukishamwona mtu anarusha mpira usiku huwezi kumwogopa. Na Ju-on nayo ukiivua milio na kona za giza stori yake ni nyembamba, mtu anaingia anakufa, anaingia mwingine anakufa. Hapo siwezi kubisha.

Hoja nzito zaidi kwangu ni ya wanawake, na mashabiki hatuipendi. Oiwa alitendwa na mumewe, akamrudia mumewe. Sadako alitupwa kisimani na mwanaume, Kayako aliuawa na mwanaume, halafu hasira yao inaishia kwa nani? Kwa wanafunzi wa sekondari na huyo Rika wa watu. Aliyeonewa anageuzwa jini la kukimbiwa, na aliyemuonea tunamsahau katikati ya makelele. Unaweza kutetea ukasema ndo uchungu wenyewe ulivyo, haumchagui mtu, na ni sawa, lakini kwenye muvi ya tano hiyo inaanza kuwa kisingizio. Wathai kwenye Shutter ya 2004 walipokea mtindo huuhuu wakairudisha ile ya Oiwa, mwenye deni ndo anabebeshwa, tena kwenye mabega yake mwenyewe (samahani kwa ambao hamjaiona). Ndo maana mi naipenda kuliko Ju-on.

Kuhusu Hollywood, kuwatukana ni rahisi. The Ring ya 2002 ya Gore Verbinski, yani Ringu ya Kimarekani, iliingiza karibu dola milioni 249 duniani, na bila hiyo wengi wetu tusingejua kuna Ringu. Mi naona ni muvi nzuri, ina ubaridi wake, ingawa inaeleza sana, farasi, hospitali ya vichaa, kila kitu lazima kiwe na faili. The Grudge ya 2004, yani Ju-on yao, ilitengenezwa kwa kama milioni 10 ikaleta 187, na walimwachia Shimizu mwenyewe airudie. Shida ilikuja baadae, walipoona hela wakanunua kila kitu, wakachukua sura ya mzimu na kuacha ule mtego wa Reiko, mpaka tukafika One Missed Call ya 2008 ambayo wahakiki waliikataa karibu wote. Baada ya hapo biashara ikalala.

Kwa hiyo zimesifiwa kupita kiasi? Ringu na Dark Water, nayo ya Nakata, hapana. Ju-on kidogo, ndio. Nyingi zilizofuata, sana tu. Na kuna moja imesifiwa pungufu, Kairo ya Kiyoshi Kurosawa ya 2001, mizimu inaingia kwa intaneti kwa sababu kuzimu kumejaa, ila haiui mtu kwa nguvu, watu wanakata tamaa wenyewe, wanajifungia vyumbani na wanabaki doa jeusi ukutani. Marekani walipoirudia 2006 wakaifanya mizimu ifyonze uhai wa watu. Na Kairo yenyewe ina yule mwanamke anayekuja taratibu, anateleza kidogo katikati ya hatua, anasimama, anaendelea. Hana nywele usoni na hatambai, kwa hiyo anayesema ukiona moja umeziona zote aanzie kwa huyo halafu aje tubishane.