Benchi pana linahitajika Nakuru pia

Asante mwandishi kwa makala yako kuhusu mchezo wa watu wenye ulemavu wa kunyanyua vyuma wakiwa wamelala kwenye benchi, na kwa kutukumbusha Siamand Rahman wa Iran, bingwa wa mchezo huo katika Paralimpiki London 2012 na Rio 2016, aliyetuacha Machi 2020 akiwa na miaka 31 tu. Kilo 310 alizosukuma Rio akiwa amelala chali! Na sheria ya mchezo huo ni kali: unashusha chuma hadi kifuani, unakituliza kabisa, ndipo unasukuma mikono yote miwili kwa pamoja hadi viwiko vinyooke. Miguu haisaidii chochote.

Nilichokosa kwenye makala ni benchi lenyewe. La mchezo huo lina upana wa sentimita 61, kwa sababu mchezaji hulala na miguu yote juu yake. Jimu ninazozijua hapa Nakuru zina mabenchi membamba, tena nyingi ziko ghorofani bila lifti. Kijana wa kiti cha magurudumu kutoka mtaa wa Bondeni atafikaje huko?

Mkenya Hellen Wawira alituletea shaba ya mchezo huu kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022, kwa hivyo tusiambiwe Wakenya hawawezi. Kaunti inunue benchi moja tu la aina hiyo, iliweke ghorofa ya chini, na mkufunzi awepo.