Kitufe cha Theluji, Tope la Bweyogerere

Mwanamume mwenye familia akiwa na gari moja, huyo hana gari. Ana ufunguo, na ufunguo wenyewe hulala kwenye mkoba wa mama watoto.

Noah yetu ni ya watoto kwenda shule. Ni ya Mama Zaina kwenda soko la Nakawa kuchukua mzigo wa duka. Ni ya magunia ya unga wa posho, ya jirani aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, ya misiba ya watu nisiowajua, na ya shangazi yangu anayetoka Tororo kila mara kuja kupimwa presha. Mimi niliyeinunua naipata Jumapili asubuhi, pamoja na ndoo, sabuni na kitambaa. Nikishaiosha, wanaichukua.

Kazini naenda kwa boda, kutoka kwetu Bweyogerere hadi mjini Kampala. Wakati wa jua sina neno. Boda inapenya Kireka, inapenya Banda, inapita katikati ya malori mawili ya mafuta huku mwenyewe akinigeukia anisimulie ugomvi wake na mwenye nyumba, nami nyuma naleta shahada kimoyomoyo. Shida ni mvua. Kampala hunyesha Machi hadi Mei, ikapumzika, ikarudi Septemba hadi Desemba ianze, na hainyeshi usiku watu wakiwa wamelala kama mvua yenye adabu. Inangoja saa moja na nusu asubuhi. Hapo boda zote hukimbilia chini ya paa la kituo cha mafuta, tunabanana pale madereva na abiria, kila mmoja ana simu sikioni na kila mmoja anamwambia bosi wake, “Niko Nakawa hapa, nimeshafika.” Tuko Kireka.

Basi nikatangaza mezani, wakati wa chakula cha usiku: nitanunua gari la pili. Dogo, la baba, la kazini. Nilidhani natoa taarifa. Kumbe nimeitisha kikao.

Mama Zaina alikuwa wa kwanza. “Baba Zaina, liwe juu.” Hoja yake naielewa. Kutoka lami hadi kwetu ni njia ya udongo wa marramu inayoteremka bondeni, ikapanda tena, na ikinyesha ile nyekundu huteleza hadi mbuzi wanakataa. Kwa hiyo liwe juu, liwe la kukokota kwa magurudumu manne, na likiwezekana liwe na nafasi ya katoni nane za mafuta ya kupikia. Nikamkumbusha kwamba tunazungumzia gari la baba. Akasema, “Sawa, lakini siku moja moja.”

Zaina, aliye kidato cha tatu, hakutaka Vitz kwa sababu wenzake watamwona. Akipelekwa na Noah hawamwoni? Hakujibu. Mdogo wake akataka Subaru, tena ile yenye ekzosi ya kunguruma. Yule hajali gari linakwenda wapi, anataka mtaa mzima ujue limeondoka. Shangazi, kwa simu kutoka Tororo, akataka mlango mpana na kiti kisichozama.

Halafu akaja shemeji.

Shemeji yangu yuko Montreal, Kanada, na tangu aende huko amekuwa mtaalamu wa kila kitu chenye magurudumu. Alituma sauti kwa WhatsApp, ndefu, nikaisikiliza Kireka hadi Kyambogo na bado ikabaki. Kwamba kwao Quebec sheria inamlazimisha kila mwenye gari dogo kufunga tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Kwamba gari la pili la familia lazima liwe la magurudumu manne, viti vipashe joto, vioo vya pembeni vijiyeyushie barafu. Kwamba usalama wa familia hauna bei.

Nikamjibu: shemeji, huku ndiko Ikweta ilikopita. Ukienda Masaka unaivuka Kayabwe, watalii wanasimama pale na kupigwa picha mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Theluji ya Uganda nzima iko juu ya Rwenzori, kilele cha Margherita kina mita 5,109, na hata hiyo inayeyuka, inapungua. Sina kazi huko. Ofisi yangu iko mjini, karibu na Clock Tower.

Akajibu, “Kanuni ni zilezile.”

Nilicheka hadi siku nilipoanza kuzunguka kwenye bondi za magari, zile yadi yanakouzwa yaliyotoka nje. Nikagundua shemeji hayuko peke yake. Baridi yote ya dunia imeshafika Kampala, imelipiwa ushuru na imepangwa mstari ikisubiri mnunuzi. Magari yetu yanatoka Japani, na Wajapani wanaoishi kaskazini, kule Hokkaido, waliyaagiza kwa ajili ya theluji yao. Wakiyachoka, yanapanda meli hadi Mombasa. Kenya inakataa gari lililopita miaka 8, hivyo mengine yanatazamwa tu, yanaambiwa endelea mbele. Yanatembea zaidi ya kilomita 1,100 hadi kwetu. Sisi ni wapole, tulisubiri mpaka sheria ya 2018 ndipo tukasema lililofika miaka 15 tangu kuundwa lisiingie. La miaka 13 karibu ndani, mjomba, ulipe kodi ya mazingira, ushuru wa forodha, VAT asilimia 18, na vikodi vingine ambavyo Hajji wa bondi alinitajia haraka haraka huku akitazama upande mwingine.

Hajji alinikalisha kwenye gari moja la fedha. Nikawasha. Mwanamke akaongea.

Si wa redioni. Ni wa ndani ya gari, ana sauti ya heshima, anazungumza Kijapani. Hajji akaniambia anasalimia. Baadaye kijana mmoja fundi wa umeme akanieleza ukweli: anaulizia kadi. Kule kwao barabara kuu ni za kulipia, gari lina kimashine cha kusoma kadi, na kadi isipokuwemo mama huyu anakukumbusha kila ukiwasha. Sisi barabara ya kulipia tuliyo nayo ni ile ya kasi ya Entebbe, iliyoanza kutoza Januari 2022, na pale hawaulizi kwa sauti nzuri hivyo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijatoka getini, mwanamke atanidai ushuru wa barabara ya Sapporo. Mama Zaina alisikiliza mara mbili, akasema, “Huyu anyamazishwe kabla hajaingia kwangu.”

Redio nayo ina mipaka yake. Masafa ya FM ya Japani yanaanzia 76, na redio hizi za zamani zinakomea 90. CBS 88.8 unaipata vizuri. Simba 97.3 huipati hata ukipanda Mlima Elgon, mpaka ununue kile kidubwana cha kubadilisha masafa. Sina ugomvi na CBS, lakini nataka nikiisikiliza iwe kwa hiari.

Nije kwenye viti. Shangazi alikuwa mjini siku ile, akasema lazima alikalie gari kabla halijalipiwa. Tukampa kiti cha mbele, Hajji akaniruhusu kuzunguka naye hadi Lugogo na kurudi. Saa saba mchana, jua la Februari. Tukiwa kwenye taa za barabarani shangazi akanyamaza. Akaanza kujipepea kwa kanga. Akasema, “Mwanangu, nirudishe hospitali.” Nikamuuliza kulikoni. Akasema moto unapanda kutoka chini, unashika kiuno, unaelekea mgongoni, na kwamba dada yake marehemu ilimwanza hivihivi. Nikageuza gari, honi, taa, watu wananitukana kwa Kiganda safi. Tukiwa tumekaribia zahanati ndipo nikaona taa ndogo ya rangi ya machungwa karibu na goti lake. Kitufe cha kupasha kiti. Alikuwa amekibana na mkoba. Nilipokizima akakaa kidogo, akapapasa kiti, akasema, “Kumbe ni gari. Liwashe tena, lakini polepole.” Kuanzia hapo kura yake ikawa ya gari lile, na hakuna mtu aliyeweza kumbadilisha.

Pembeni ya gia palikuwa na kitufe kingine kimeandikwa “SNOW”. Nikamuuliza Hajji. Akasema, “Hicho ni cha AC, bosi.” Mtu anauza magari maisha yake yote!

Nilimleta fundi wangu. Huyu tunaheshimiana kwa sababu hasemi sana na mikono yake ni michafu kikweli. Akasema ukibonyeza kile kitufe, gia ya otomatiki haianzi na namba moja, inaanza na mbili, ili nguvu iende taratibu na tairi lisizunguke bure juu ya theluji. Kwenye tope letu nako kinaweza kusaidia kidogo ukiwa unapanda, mradi usikanyage mafuta kwa hasira. Nilifurahi. Kumbe shemeji ana haki yake, kanuni ni zilezile. Nikaanza kuuona uso wa Mama Zaina siku ya kwanza nikipanda kilima chetu huku Prado ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, imekwama chini.

Fundi akalala chini ya gari. Nikasikia ko, ko, ko, halafu nikasikia sauti nyingine ambayo chuma hakitakiwi kutoa. Akatoka na bisibisi yenye unga wa kahawia. Barabara za theluji humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inarukia chini ya gari, inakaa huko, inatafuna. Juu fedha inang’aa, chini ni biskuti. Hajji akasema ni vumbi la Malaba, kule mpakani. Fundi akapangusa bisibisi kwenye suruali, hakumjibu.

Na tairi je? Hajji alikuwa anajivunia zile tairi kuliko injini. “Bosi, tazama meno! Hayajaliwa.” Ni kweli yalikuwa marefu. Lakini zilikuwa na alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, ndizo zile tairi za baridi za shemeji. Mpira wake umetengenezwa laini makusudi ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7. Kampala nyuzi 7 utazikuta ndani ya friji ya soda. Kwenye lami yetu ya mchana mpira ule unaisha haraka, na ukifunga breki gari linafikiria kwanza. Kwa hiyo tairi “mpya kutoka Japani” ni tairi nne za kununua upya, na gari la magurudumu manne halitaki uchanganye, linataka zote nne zilingane. Hapo milioni inatembea.

Usiku ule nikakaa na kalamu. Kutoka Bweyogerere hadi mjini ni kama kilomita kumi za lami, na kilomita hizo nazipita mguu kwenye breki. Jamu ya Jinja Road haiulizi gari lako lina magurudumu mangapi yanayokokota. Utasimama Banda na Land Cruiser itasimama Banda, mtauziwa vitambaa vya jasho na sumu ya panya na kijana mmoja, na king’ora cha msafara wa mkubwa kikilia wote mtapanda ukingo. Tofauti ni kwamba injini kubwa inasimama pale ikinywa petroli bure. Sehemu yenye tope ni ile njia yetu tu, kutoka kituo cha mafuta hadi nyumbani, mwendo wa mtu kumaliza rolex moja, ile chapati ya kukunjiwa mayai, akitembea. Yaani ninunue gari la Hokkaido, nililishe kila siku kwenda Clock Tower na kurudi, kwa ajili ya mteremko mmoja ambao mwenyekiti wa LC anatuchangisha kila mwaka kuuwekea marramu, na kila mwaka marramu inashuka bondeni na kifaranga cha mtu?

Nikanunua Vitz. Injini ya lita moja, ya mwalimu aliyestaafu wa Mukono, namba ya zamani inayoanza na UA, limepitwa na wakati na linajijua. Spea zake zipo soko la Kisekka hata usiku wa Krismasi. Haliongei. Zaina hajanisemesha vizuri tangu lifike, na mdogo wake alilizunguka mara moja akaingia ndani.

Pamoja nalo nikanunua gambuti. Zinakaa nyuma, ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, karibu na tairi la akiba. Mvua ikinyesha naliacha Vitz kituo cha mafuta, askari wa pale namwachia elfu mbili, navaa gambuti, viatu vya ofisi mkononi, nateremka bondeni napanda kwangu. Juzi nilimkuta mwenyekiti ndani ya Prado pale chini, magurudumu manne yote yanazunguka, yanamrushia tope askari wake mwenyewe. Nikawapa shikamoo, nikapita.

Shemeji akapiga simu Ijumaa. Hakutaka habari za injini, alitaka jambo moja tu.

“Tairi umeweka gani? Usiniambie umeacha zile za kiangazi.”

“Nimeweka za mvua, shemeji. Mpira mtupu.”

“Saizi?”

“Arobaini na tatu.”

Akanyamaza. Nikasikia anaandika kwenye kompyuta. “Arobaini na tatu... kwa Vitz? Shemeji, ngoja, zinaingiaje?”

“Naanza na wa kulia,” nikamwambia.