Gego la Chumba cha Nne

Huku kwetu Nkuhungu bado wananiita Mwalimu Debe. Ualimu niliusomea, ajira naendelea kuisubiri. Hilo debe ndilo nataka kulieleza leo, maana habari iliyofika gengeni imeongezwa chumvi, na chumvi ndiyo kitu pekee ambacho sikutia.

Nilipata kibarua kwa mtafiti mmoja wa mifupa ya kale. Tulimwita Dokta. Yeye alikuwa porini kaskazini muda mwingi, mimi nikabaki Dodoma na kazi moja: kumtengenezea mkusanyiko wa taya za wanyama wa leo. Ukiokota gego lililogeuka jiwe bondeni, hulijui ni la nani mpaka uweke pembeni yake gego la mnyama unayemfahamu.

Kabla ya hapo nilidhani watu hawa hutafuta mafuvu ya binadamu tu. Shuleni tulikariri kwamba mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus pale Oldupai, umri wake kama miaka milioni 1.75, mtihani ukaisha. Dokta alicheka. Akaniambia kwa kila kipande kidogo cha mtu wa kale unaokota mafurushi ya swala, nguruwe, viboko na panya, na hao ndio wenye maneno. Mtu wa kale hakuacha barua ya kusema aliishi wapi. Aliacha majirani. Ukikuta nyumbu na kongoni wengi, hapo palikuwa uwanda wa nyasi. Ukikuta tandala, palikuwa na vichaka. Tohe wakizidi, maji hayakuwa mbali.

Na katika mwili wote wa jirani, shahidi mkubwa ni jino. Nyasi zina chembe ngumu ndani yake, tena huliwa pamoja na vumbi, kwa hiyo zinasaga meno kama tupa. Mla nyasi huota gego refu lenye akiba ya kusagika miaka yote. Mla majani ya miti hutosheka na fupi. Usipoamini umbo, unakwangua unga kidogo wa gego unapeleka maabara, na kaboni iliyomo inasema kama mwenyewe alikula nyasi za nchi za joto au majani ya miti. Miaka milioni imepita na chakula chako cha mchana bado kinasomeka! Nilipoambiwa hilo niliacha chipsi siku mbili.

Wala usidhani ni fani ya watu wakavu. Kule Laetoli, mwaka 1976, watafiti walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo, watu wazima na elimu zao, mmoja wao aitwaye Andrew Hill akaanguka, na pale chini akaona nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Nyayo za watu zikaja kuonekana 1978, zina miaka kama milioni 3.66. Nikasema hawa ni watu wangu.

Basi Alhamisi moja Dokta akanipigia, mtandao unakatika kama redio ya betri kuukuu.

"Mwalimu... mbuzi na kondoo sawa... lakini roho ya kazi ni nguruwe... Omo... bila Omo hatujui kitu... gego la mwisho... umenisikia?"

"Ndiyo, Dokta."

Sidhani kama kuna neno lililoharibu kazi nyingi nchini kuliko hiyo "ndiyo" ya kwenye simu.

Jumamosi nikaenda mnadani Msalato, nikarudi na vichwa viwili vya mbuzi na kimoja cha kondoo. Cha nguruwe nikakipata bucha la kitimoto, nikakifunga mifuko mitatu. Nikanunua na sabuni ya unga ya shilingi elfu moja. Haikuwa Omo yenyewe, lakini kwetu dukani sabuni yoyote ya unga ni Omo, kama dawa yoyote ya meno ilivyo Kolgeti. Sikuona ajabu mtaalamu kutaka mifupa ichemshwe na sabuni. Mafuta hutokaje?

Nyumba yetu ina vyumba sita na watu wa dini zote, kwa hiyo nguruwe nilimpa debe lake peke yake, nyuma kabisa, chini ya mpapai. Mama mwenye nyumba alikuja akasimama mbali, kiganja puani.

"Mwanangu, hiyo ni kazi au mganga amekutuma?"

"Kazi, mama. Mambo ya chimbuko la binadamu."

"Chimbuko la binadamu liko kwenye debe?"

Nilichemsha mpaka magharibi. Upepo wa Dodoma mnaujua, hauna siri: ulichukua ile harufu ukaipitisha chumba hadi chumba kama karani wa sensa. Sabuni niliitia usiku, nyama ilipolegea, nikafunika debe kwa bati ili ilowe mpaka asubuhi. Nikaenda kulala.

Jumapili asubuhi bati liko chini, na taya ya chini ya nguruwe imelala juu ya tofali, nyeupe, safi kuliko nilivyotarajia. Shavu lote hakuna.

Kwanza nilishuku mbwa. Kisha nikakumbuka mafunzo. Mfupa uliotafunwa na mnyama una vishimo na mikwaruzo mipana ya meno. Uliokatwa na mtu una mistari myembamba, imenyooka. Kwa alama hizo hizo watafiti wamebishana miaka na miaka kuhusu mifupa ya Oldupai, kama mababu zetu walikuwa wawindaji au waokota masazo ya simba. Nikainua taya juani. Mistari myembamba, imenyooka. Kisu. Tena upande mmoja ulikuwa umegongwa kwa jiwe, uboho umenyonywa. Na jiwe lilikuwepo pale pale chini ya mpapai, lina mafuta.

Sikuwahi kujisikia msomi kama asubuhi ile.

Mtuhumiwa hakunichosha. Kwenye foleni ya choo cha uani kulikuwa na mzee wa chumba cha nne, na haikuwa mara yake ya kwanza asubuhi hiyo. Huyu ana presha. Mkewe alikuwa amemkataza nyama ya mafuta mwezi wa pili huo, ni uwele na mlenda, mlenda na uwele. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akajibu, na baada ya "marahaba" akacheua, na pembeni ya mdomo likatoka povu, dogo, jeupe, lenye harufu ya maua.

Ningemwacha hapo hapo, maana sabuni ilikuwa imeshamhukumu. Lakini nilirudi kuhesabu meno. Karatasi ya Dokta ilionyesha magego matatu makubwa kila upande wa taya. Yangu ilikuwa na mawili, na nyuma yake tundu, kila upande. Gego la mwisho, lile lile la "roho ya kazi", halipo! Mtu aliyevunja taya kwa jiwe gizani ashindwe kumeza gego?

Nikaenda kwa mjumbe. Najuta sana hapo. Jioni tukakaa kibarazani, mjumbe, mama mwenye nyumba, mshitakiwa na mkewe, na watoto wote wa mtaa ukutani. Nikaeleza nyumbu, nikaeleza tohe, nikaeleza kaboni. Mjumbe akanisikiliza kwa heshima, halafu akauliza, "Kwa hiyo unadai nini, Mwalimu? Hela ya nyama?"

"Nadai magego mawili, mjumbe. Yako tumboni mwa mzee. Naomba kwa siku mbili asitumie choo, atumie ndoo."

Sitaandika yaliyofuata kwenye kile kibaraza. Mzee alikiri nyama. Alisema aliionja akaona ina ladha ngeni, akadhani ni kiungo cha watu wa chuo. Mkewe ndiye aliyekata shauri: "Ndoo atatumia. Mimi mwenyewe nitahakikisha." Alisema kwa sauti ya mtu aliyesubiri nafasi hiyo muda mrefu.

Jumanne alfajiri mlango wangu ukagongwa. Mzee amesimama na kifurushi cha gazeti, hanitazami. Ndani, limeoshwa vizuri, gego moja.

Nikalipiga picha nikamtumia Dokta. Bahati siku hiyo alikuwa kilimani, mtandao umenyooka, akapiga hapo hapo. Mzee, mkewe na mama mwenye nyumba walikuwa mlangoni kwangu, nikaweka sauti ya nje. Kosa jingine.

"Mwalimu, kichwa ulinunua wapi?"

"Bucha la kitimoto, Dokta."

"Nguruwe wa bucha huchinjwa mtoto! Gego la mwisho huota akikaribia mwaka na nusu. Huyo wako hajamaliza mwaka, hayo matundu ni mahali lilipokuwa linajitengeneza. Nilikwambia utafute jike kuukuu la kuzalisha, tulilinganishe na nguruwe wa Omo."

"Omo niliweka, Dokta."

Kimya. Nikafikiri mtandao umerudi kwenye tabia yake.

"Uliweka wapi?"

"Kwenye debe."

Dokta alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi akanieleza kwamba Omo ni mto, uko Ethiopia, na bonde lake lina mifupa mingi ya nguruwe wa kale ambayo umri wake unajulikana. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo alipata fuvu la mtu wa kale mashariki mwa Ziwa Turkana, Kenya, wakaliita namba 1470. Kwa vipimo vya kwanza vya majivu ya volkano, wengine walilikadiria karibu miaka milioni 3. Ugomvi ukawa mkubwa, maprofesa hawasalimiani. Kilichowaumbua ni nguruwe. Magego ya mwisho ya nguruwe wale yalikuwa yakirefuka kadiri zama zilivyokwenda, jamaa wakizidi kula nyasi, kwa hiyo gego lenyewe ni saa. Nguruwe wa kule Turkana walipowekwa kando ya wale wa Omo, walifanana na wa miaka milioni 2 hivi. Volkano ikapimwa upya, ikawafuata nguruwe: fuvu lina kama miaka milioni 2, si 3.

"Nguruwe wamewashinda wanafizikia," Dokta akasema, "na wewe umewafulia."

Mzee wa chumba cha nne akakohoa. "Samahani, Daktari. Kama nguruwe hakuwa na gego, hili nililo... hili lililopatikana, ni la nani?"

"Nilitaka kuuliza hilo hilo," Dokta akajibu. "Hili ni la binadamu, tena mtu mzima. Mzee, hebu pitisha ulimi kule nyuma."

Tukamwona anapitisha ulimi. Shavu la kushoto likavimba, likatulia, macho yakapanuka. Ule uboho ulikuwa na gharama yake.

"Na huyu mtu," Dokta akaendelea, sasa amekolea kazini, "mwone hizi baka za kahawia kwenye gamba la jino. Jino hujengwa utotoni, na maji yenye floridi nyingi huacha doa lisilofutika. Huyu alikulia kwenye maji ya namna hiyo. Kaskazini huko Arusha, au Singida."

Mnisamehe, inabidi mjue kwamba mzee wa chumba cha nne ni mtoto wa Kariakoo. Hajawahi kumaliza sentensi tatu bila kutuambia. Alizaliwa Mtaa wa Kongo, alicheza mpira Jangwani, Dodoma kaja kikazi tu na vumbi letu linamsumbua. Rangi ya meno yake ya mbele alisema ni sigara, ingawa hakuna aliyewahi kumwona na sigara.

Mama mwenye nyumba akamgeukia mkewe. Mkewe akatazama dari kwa muda, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Iramba, Singida," akasema. "Miaka kumi na moja nimekaa kimya."

Dokta alisema gego asilitupe mtu, linafaa kwenye mkusanyiko, ni mfano mzuri wa mla kila kitu. Nikachukua kibandiko, nikaanza kuandika: Namba 5, binadamu, mwanamume. Nilipofika mahali pa kuandika asili, mzee akaniinamia sikioni.

"Mwalimu," akanong'ona, na bado alikuwa ananukia maua kidogo, "hapo huwezi kuweka Kariakoo?"